Tundu Moja kwenye Nailoni ya Dirisha

Irving, Januari 2020

Atupele mwanangu,

Kama unasoma maneno haya, basi umelifungua boksi la nailoni ya kuzibia dirisha, na kama umelifungua, baridi imekufuata hadi Houston. Barua nimeiweka humu kwa makusudi. Ningeiacha mezani ungeipita, maana kwa wiki mbili sasa unanipita mimi mwenyewe kwa "Ndiyo, Baba" na "Sawa, Baba", kama mtu anayemjibu meneja. Ningempa mama yako akupe, angeisoma kwanza. Mama Atu, kama ni wewe uliyelifungua boksi, rudisha barua ulipoitoa.

Hivi sasa wewe na Fèza, huyo rafiki uliyepanga naye nyumba, mko chini mnapakia gari la safari ya kesho ya kuhamia Houston. Nawasikia mnacheka. Nimechungulia pembeni mwa pazia, sikufichi, na nimeona vizito vimewekwa juu na vyepesi chini. Nimejizuia kushuka. Kwa mtu ambaye kazi yake pale uwanja wa ndege ni kukagua mizigo kabla haijapakiwa, kujizuia huko si jambo dogo, na naomba unihesabie.

Habari za mafuta ya gari, kufunga mlango na kula chakula cha maana, mama yako ameshakwambia, na ninavyomjua ataendelea kukwambia kwa simu. Mimi anwani yako sina. Ulisema utanitumia ukiwa tayari, ukaniambia nisije Houston, na hujabadili neno. Kwa hiyo ninaandika kwa mtu nisiyejua anakwenda kulala wapi, na hilo peke yake linatosha kuninyima raha. Lakini sababu naijua, na ni ya kwangu mwenyewe.

Nilimpigia mchungaji wa Fèza. Nilikaa kwenye gari, pale nyuma ya maghala, nikampigia simu mtu wa Mungu wa Fort Worth ambaye sijawahi kumwona, nikamwuliza kama huyo binti anakunywa pombe, kama ana mwanamume, na kwa nini mtoto mwenye wazazi wake hapa hapa anakwenda kukaa mbali nao. Mimi niliona ni ukaguzi wa kawaida. Mchungaji akamwambia baba yake Fèza, baba akamwambia Fèza, na Fèza akaja hapa nyumbani akaketi kwenye kiti kile cha karibu na friji.

"Papa," akaniambia, "nasikia ulipiga simu kwa kanisa yetu. Kama unataka kujua kitu, uniulize miye mwenyewe. Niko hapa."

Maswali yote niliyomwuliza mchungaji yalikataa kutoka mbele ya macho yake. Nikamwuliza kama amekula. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni, ukasema, "Baba, I'm done. Usije Houston. Address nitatuma nikiwa ready." Ukamshika Fèza mkono mkatoka. Nilikasirika, kisha nikaona aibu, kisha nikakasirika tena kwa sababu ya ile aibu.

Sasa nisikilize habari za dirisha.

Unaijua nyumba yetu. Fremu za madirisha haya ni za alumini nyembamba, kioo kimoja tu, na upepo wa kaskazini ukianza hauombi ruhusa. Dallas ni mji wa kutoaminika. Asubuhi unatoka na shati, jioni unarudi meno yanagongana. Majira yale ya baridi ulipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, pazia la chumbani kwetu lilikuwa linacheza dirisha likiwa limefungwa. Meneja wa nyumba hizi aliahidi fundi. Mimi nilijua tangu alipotabasamu kwamba fundi hatakuja, nikaziba kwa taulo, nikaziba kwa magazeti, nikachukua na khanga moja ya mama yako, ugomvi ule unaukumbuka.

Ndipo akaja Kamau. Yule Mkenya wa ghorofa ya juu, muuguzi wa zamu za usiku, aliyekuwa akitusalimia kwenye ngazi hata tusipomtazama. Alibisha hodi akiwa na boksi kama hili ulilolishika.

"Mzee, nimeskia mnasumbuliwa na baridi. Hii kitu ni poa, mtaniambia. Nilibuy mbili, moja ikabaki."

Nikamwuliza ni bei gani. Akasema hapana, ni ya bure. Basi hapo ndipo aliponipoteza kabisa. Nilianza kufikiri anatafuta nini. Labda bima. Labda ile biashara ya kuuziana sabuni na kuandikishana watu. Labda wewe, maana ulikuwa umeanza kuwa msichana mkubwa na yeye alikuwa hajaoa. Nilisimama nimekunja mikono katikati ya chumba, nikamtazama kama ninavyotazama kreti isiyo na lebo.

Mlifanya kazi vizuri, nakiri. Wewe ulifuta fremu, ukabandika ule utepe wa gundi pande zote nne. Yeye akatandika nailoni, akakwambia ulete draya ya nywele ya mama yako, ukapuliza pole pole kuanzia pembeni. Nailoni iliyokuwa na makunyanzi ikajivuta, ikanyooka, ikawa haionekani. Pazia likaacha kucheza. Mama yako akasema, "Asante Yesu." Hita ikazimika yenyewe kwa mara ya kwanza wiki ile.

Mimi kifua kilinibana. Sikumwambia mtu.

Mwanangu, hili hujalisikia kwangu. Nilipokuwa darasa la nne kule Tukuyu tulikuwa na mwalimu aliyekaa nyumba ya karibu na shule. Alitupiga sana na tulimpenda sana, mambo hayo mawili kwetu yalikwenda pamoja. Masika moja baridi ilizidi. Asubuhi kengele haikulia. Mwalimu mkuu akatutuma watoto watatu tukamwamshe. Tulibisha, tukaita, tukazunguka dirishani tukakuta limezibwa kwa magunia kwa ndani, vizuri kabisa, hakuna hata upenyo. Walipovunja mlango walimkuta yeye na mkewe wamelala kama watu waliochoka, na jiko la mkaa katikati ya chumba limekwisha kuwa majivu. Watu wazima walisema nyumba ilikosa pumzi. Hakuna aliyetueleza kwamba ni ule moshi usioonekana wa mkaa. Mimi nilichokwenda nacho nyumbani ni magunia yale dirishani.

Najua, hapa hatuna jiko la mkaa. Hita ni ya umeme. Akili ilinieleza hayo na mwili haukukubali. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nimelazwa ndani ya ung'ongo wenyewe.

Jumapili ile mlipokwenda kanisani nikasema goti linauma. Goti lilikuwa zima. Nilifungua ule mkebe wa biskuti ambao tangu tuununue haujawahi kukaa biskuti ila nyuzi na vifungo, nikachukua sindano, nikapanda kwenye kiti, nikaitoboa nailoni ya watu mstari mzima juu, mahali pazia linapofunika. Kila tundu lililotoboka nilipumua. Nikarudisha sindano mkebeni. Mliporudi mkanikuta natazama mpira, goti limewekwa juu ya mto.

Baridi nayo ikarudi. Nailoni ikawa inavimba na kunywea upepo unapovuma, kama shavu la mtu anayesukutua. Na mimi, baba yako, mtu mzima mwenye heshima zake, nilikwenda nikamsubiri Kamau kwenye ngazi anatoka kazini nikamwambia, "Bwana Kamau, mali yako ni feki." Nilikuwa nimekwisha kuamini. Uongo wangu ulinikaa mwilini kuliko koti.

Alikuja hivyo hivyo na nguo zake za hospitali, macho mekundu kwa usingizi. Wewe ndiye uliyevuta pazia, ukatazama juu, ukaketi kitandani kwa kicheko.

"Baba! Did you poke holes? Baba, seriously?"

"Nyumba lazima ipumue," nikasema.

"Baba, hewa inaingia kwa mlango, inaingia kwa vents, kila mahali. We're not gonna die."

Kamau hakucheka. Aliangalia ule mstari wa matundu, akaniangalia, akasema, "Ata kwetu Nyandarua tunajua hiyo story ya jiko. Pole, Mzee." Akapanda kwake kulala. Na wewe ukakata vipande vya selotepu ukaziba tundu moja moja, hadi nailoni ikafanana na uso wa mtu aliyenyolewa na kinyozi mlevi. Mwaka uliofuata mkaweka mpya, wewe na mama yako, mimi nimesimama na mikono yangu iliyokunjwa, na mwaka huu tena. Nikawa nalala. Nikajisifu kimoyomoyo kwamba nimeishinda hofu. Niliwahi hata kumsimulia mwenzangu kazini, nikamwambia mtu akiamua anaweza.

Nikwambie yaliyobaki ya Kamau, kwa sababu yananiuma. Baada ya "pole" ile nilizidi kumshuku. Mtu anayeujua udhaifu wako akakuhurumia, huyo ana deni lake atakuja kulidai, ndivyo nilivyofikiri. Nilikaa nasubiri siku atakayotaja anachotaka. Alichotaka, nadhani sasa, ni mtu wa kuzungumza naye Kiswahili saa ambazo watu wengine wanakwenda kazini na yeye anarudi. Alipohamia Cedar Hill alitualika chakula. Nikamwambia mama yako, "Mkenya akikuita kula, ujue ni harambee. Utaingia na njaa, utatoka bila pochi." Hatukwenda. Baadaye tukasikia ilikuwa ni kumkaribisha mkewe aliyefika kutoka Kenya, na walipika pilau ya watu wengi wakaila watu wachache. Tangu hapo hajatupigia simu. Nami namba yake ninayo na sijaipiga, kwa sababu sijui mtu anaanzaje kusema jambo kama hilo.

Hata kabla ya Kamau nilikuwa hivyo. Tulipofika nchi hii, mama mmoja wa kanisani alituletea makoti. Nikayakataa mlangoni kwa adabu, nikasema yasije yakawa ya marehemu. Mimi, Atupele, niliyekulia ndani ya mitumba, ambayo wazee wetu waliita kafa Ulaya bila kigugumizi, nikainunua kwa kugombania sokoni wala sikuuliza marehemu alikuwa nani. Niliponunua niliamini. Nilipopewa ndipo nikauliza. Wewe mwaka ule ulikwenda shule umevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na hukulalamika, nami nikachukulia kwamba hukusikia baridi.

Mkononi mwa mtu huwa naona kisu kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako, nilifundishwa hivyo, na nguo zangu nimezikung'uta maisha yangu yote. Sikwambii uache kuangalia watu. Houston ni mji mkubwa, angalia watu. Anayekwambia huko hakuna baridi, usimwamini hata kidogo. Picha ya nyumba mliyopanga nimeiona kwenye simu yako ulipoiacha jikoni, na hili nalo nisamehe. Ni nyumba ya mbao, ya zamani, imeinuliwa juu ya nguzo, na madirisha yake yamelegea kiasi kwamba yanapitisha kalamu. Ndiyo maana nikanunua boksi hili, la saizi kubwa. Nailoni ya chumba cha Fèza imo pia. Mwambie imetoka kwangu, na mwambie ni ya bure. Akishuku ana haki.

Sasa jambo la leo, ambalo ndilo limenifanya nikae kuandika.

Mchana mama yako alinituma nikutolee lile sanduku kubwa lililoko kati ya kitanda chetu na dirisha, upande ninaolala mimi. Nilipoinama kulivuta, kitu cha baridi kikanigusa shingoni, chembamba kama uzi. Nikasimama, kikapotea. Nikainama, kikarudi. Nikalowesha kidole kwa mate nikakipitisha pembeni mwa nailoni, na kule chini kwenye kona, usawa wa mto wangu, nikaliona. Tundu moja, la sindano. Limepigwa selotepu kwanza, kipande kidogo cha duara kilichokatwa kwa mkasi, kisha likatobolewa katikati ya hiyo selotepu ili nailoni isichanike.

Damu ilinichemka. Nilijua kuna mtu ananichezea. Nilimfikiria Kamau, ambaye hajakanyaga humu tangu ahame. Nilimfikiria fundi wa meneja, ambaye hajawahi kuja. Nikamwendea mama yako aliyekuwa anakunja nguo zako nikamwuliza nani ametoboa nailoni.

Hakuinua hata kichwa. "Muulize mwanao," akasema. Halafu, kwa kuwa anajua mimi na wewe hatuulizani kitu siku hizi, akaniambia mwenyewe.

Anasema siku ile ya kwanza, baada ya kuziba matundu yangu yote, ulimfuata jikoni ukamwuliza, "Mama, Baba anaogopa nini?" Akakusimulia habari za mwalimu wangu, alizozisikia kwangu zamani tukiwa wachumba. Ulirudi chumbani ukatoboa tundu moja chini, karibu na ninapolaza kichwa. Mwaka uliofuata mlipoweka nailoni mpya ulitoboa lingine kabla hujaondoka chumbani. Na mwaka huu pia. Ukamwambia, "Don't tell him. Akijua ataona aibu. Atalala tu."

Nilikaa kitandani, juu ya nguo ulizokwisha kunjiwa. Mama yako alinisukuma nizipishe.

Atupele, mimi nakagua mizigo ya nchi nzima. Nimemshuku Kamau, nimemshuku Fèza, nimemshuku mama wa makoti, nimewashuku wachungaji na mafundi. Miaka yote hii kitu kimoja tu kilifanyika nyuma ya mgongo wangu, pale pale ninapolaza kichwa, na hicho sikukishuku. Nilikuwa nalala kwa pumzi uliyoniachia, nikidhani ni ushujaa wangu. Uliijua hofu yangu ukaipa nafasi yake, ndogo, isiyomletea mtu mwingine baridi, na hukunidai hata asante. Nimelia kidogo. Mama yako atakwambia ni mafua, mwache aseme.

Nimeelewa pia nilichofanya kwa Fèza. Nilichukua sindano ile ile nikaanza kutoboa nyumba yenu kabla hamjahamia, mstari mzima, ili mimi nipumue. Upepo ungeingia kwenu, wala si kwangu. Kesho asubuhi nitajaribu kumwomba Fèza msamaha kabla hamjaondoka. Nikishindwa, maana najijua, mpe barua hii aisome kipande hiki.

Namba ya mchungaji nimeifuta. Mpango niliokuwa nao wa kumwomba Kamau aniulizie kwa Wakenya wenzake wa Houston nyumba yenu iko mtaa gani, ndiyo, nilikuwa nao, nao nimeuacha. Kamau nikimpigia nitampigia kwa habari ya pilau. Anwani usinipe hadi utakapotaka wewe. Nitakuwa na wasiwasi, na wasiwasi huo ni wangu, nitaulea mwenyewe.

Ziba madirisha yote, mwanangu. Futa fremu kwanza, gundi haipendi vumbi, na draya usiisogeze karibu sana. Ziba na kwangu pia, panapostahili kuzibwa. Nakuomba tu uniachie tundu moja, upande wowote utakaoona unafaa, dogo kama lile, na mimi nakuahidi sitalipanua.

Nasikia mnapanda ngazi. Naifunga barua nikaiweke boksini. Lile tundu la chumbani kwetu sijaliziba.

Baba yako